Viti vya Joto, Sehemu ya Tisa

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeanza kufungua majibu ya mashabiki. Elfu mbili na ushee! Bwana Carlisle, mkurugenzi wa michezo hapa chuoni – bosi wangu – aliwaandikia wote wenye tiketi za msimu: pesa za mfadhili ziende wapi? Ubao mpya wa matokeo, mkubwa kama nyumba? Posho za wachezaji? Ukumbi wa mazoezi? Na mwisho kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, ombi la kaka yangu Gus: kupima ardhi chini ya uwanja.

Ubao unaongoza. Posho zinafuata kwa karibu. Ardhi – kura mbili mpaka sasa.

Mashabiki wetu, jamani! Mmoja anasema tukimwachia Tavares aende chuo kikubwa, yeye shabiki atahamia mezani kwangu na mto wake. Si ajabu – katika futiboli ya Kimarekani mrushaji mpira ndiye roho ya timu, na kama Tavares hatujawahi kumpata. Mwingine kaandika maneno mawili tu: kocha afukuzwe. Tumeshinda mechi tano kati ya sita!

Na mama mmoja wa sehemu ya tisa: asanteni kwa viti vya joto, goti langu limepata nafuu.

Hatuna viti vya joto. Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Jumatano, 16 Oktoba

Watatu zaidi wameshukuru kwa viti vya joto. Wote sehemu ya tisa, safu ya nne hadi ya kumi na moja. Hawajuani – mmoja anatoka ng'ambo ya pili ya jimbo, anaendesha gari kwa muda wa saa tatu kuja kutazama timu yetu, Bundi, wakicheza.

Nimeangalia mchoro wa uwanja. Sehemu ya tisa haina nguzo. Ni ngazi za saruji zilizomiminwa juu ya kilima chenyewe. Hakuna waya. Hakuna bomba.

Leo sikucheka.

Jumapili, 20 Oktoba

Gus alikuja kula. Nilipika pierogi, zile sambusa za kuchemsha za mama, zenye viazi ndani. Nikamwambia habari za viti nikidhani atacheka. Akaacha kutafuna.

Miaka ishirini na saba anatunza nyasi za uwanja ule. Akasema nyasi zilizo chini ya sehemu ya tisa anazikata mara mbili kwa wiki. Oktoba hii! Kwingine zimeshalala kwa baridi.

Nikamkumbusha kwamba Mgodi wa Tatu, ule wa makaa ya mawe alikofanya kazi baba, uliishia kanisani, ramani inasema hivyo. Gus akaniangalia kama anavyomwangalia mtu anayekanyaga chaki mbichi ya mistari yake ya uwanjani.

"Ramani iliandikwa na kampuni, mdogo wangu. Baba alisema walifuata makaa mpaka walipochoka wao, si mpaka ramani ilipochoka."

Baba hakupenda kabisa kwenda uwanjani. Alisikiliza mechi redioni, jikoni, amesimama. Tulidhani ni bahili.

Jumanne, 22 Oktoba

Gus kaingia kwa bosi. Ukuta wetu ni mbao tupu, nilisikia yote.

Gus: kuna moto huko chini, au kuna kitu kinachofanana na moto. Nipe mtu wa kutoboa ardhi, siku mbili tu.

Carlisle: mashabiki wamepiga kura, Gus. Ardhi yako imepata kura kumi na moja. Wenzako wanataka ubao.

"Mashabiki hawaoni chini ya ardhi, bosi."

"Na wewe unaona? Miaka thelathini na moja hatujaingia mtoano. Leo tunanusa. Nitoboe mashimo uwanjani wiki hii?"

Gus katoka bila kufunga mlango. Carlisle akaja kusimama kwenye meza yangu, anatafuna peremende. Sauti yake ilikuwa ya chini, hata ya huruma: "Noreen, futiboli ikifa, chuo kinakufa. Chuo kikifa, mji huu unabaki na nini? Kituo cha mafuta na makaburi."

Mume wangu yuko katika hayo makaburi. Kituo cha mafuta nakijua.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumeshinda! 34 kwa 10. Tavares alirusha mpira mmoja yadi sitini, ukatua mikononi mwa mwenzake kama mkate uliowekwa sahani.

Mapumzikoni nikapanda sehemu ya tisa. Upepo ulikuwa unakata masikio kwingine kote. Hapo – watu wamevua makoti. Nyuso nyekundu, wanacheka, wanapitishiana soseji. Nikaweka kiganja kwenye saruji. Vuguvugu. Si kama kitu kilichochomwa na jua. Kama tumbo la mbwa aliyelala.

Kuna harufu pia. Kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Nilipouliza, wakasema ni mtu wa soseji.

Msichana mmoja alikuwa amemlaza mtoto wake mchanga sarujini, juu ya shali. Amelala fofofo katikati ya zile kelele – elfu tisa wanalia kama bundi, huuu, huuu! "Hapa tu ndipo analala," akaniambia. "Nyumbani halali."

Nilishuka ngazi mbili mbili.

Jumatatu, 28 Oktoba

Bosi kasoma yale majibu ya viti vya joto. Kafurahi! Kanipa kazi: niandike imeili kwa mashabiki wote. Sehemu ya tisa sasa inaitwa Viti vya Joto. Bei mara mbili.

Nikamwambia hatujui joto linatoka wapi. Akasema hatujui pia Tavares alitoka wapi, lakini tunamshukuru Mungu.

Niliandika. Vidole vyangu hivi hivi. Kabla ya chakula cha mchana viti vyote vilikuwa vimekwisha.

Sijamwambia Gus.

Alhamisi, 7 Novemba

Gus kanipigia asubuhi, njoo uone. Sauti yake sikuipenda.

Mfereji wa maji chini ya safu ya kwanza. Nyoka. Wale wadogo wa bustanini, hawana sumu – lakini zaidi ya thelathini, wamesukana kama kamba. Novemba! Wangekuwa wamelala ardhini usingizi wa baridi tangu mwezi uliopita. Na vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, kilimani. Hawakututazama kabisa. Nilipiga mguu chini. Hakuna aliyegeuka.

Kisha kanionyesha tundu alilopiga kwa mtaimbo, karibu na mstari. Kina cha mkono tu. Kaingiza kipimajoto cha kuchomea nyama, kile nilichompa Krismasi. Mshale ukazunguka, ukazunguka.

"Nyama ingeiva," akasema.

Nikamwambia kuhusu ile imeili. Nilitegemea anifokee. Akafuta kipimajoto kwenye suruali, akaondoka. Heri angenifokea.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumeshinda ugenini. Mechi moja imebaki, Jumamosi ijayo, nyumbani, na Hartsgrove. Tukiwafunga, tunaingia mtoano. Mji umeshikwa na wazimu.

Kwa Tolbert, baa ilijaa hadi mlangoni. Mabishano yale yale. Fundi bomba fulani: ubao ni upuuzi, walipeni watoto wa timu pesa, Tavares hali ubao! Mwalimu wa hesabu akamjibu: ubao ndio unaoleta wafadhili, wewe unaleta nini zaidi ya domo? Wakasukumana, wakanunuliana bia.

Lakini juu ya jambo moja wote ni kitu kimoja. Sehemu ya tisa ni bahati. Tangu ianze kupata joto hatujafungwa. Watu wanapita kuigusa kabla ya mechi, wanajibusu vidole. Bwana mmoja alitaka kunipa gari lake, lile la kubebea kuni, kwa viti viwili tu.

Nikawaambia mbele yao wote: ardhi ile si salama. Bia zikarudishwa mezani. Halafu fundi bomba akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa: "Dada Noreen, usiseme hivyo wiki hii. Baada ya Hartsgrove, sema unalotaka."

Wote wakaitikia kwa kichwa. Wote, kwa pamoja.

Ijumaa, 22 Novemba

Theluji usiku kucha. Asubuhi nikavuta pazia la ofisini.

Uwanja mweupe. Sehemu ya tisa nyeusi, imelowa, inafuka mvuke. Hilo nililitegemea. Lakini kuna mistari. Kutoka chini ya sehemu ya tisa mstari mweusi umeingia uwanjani, umenyooka kama umepigwa rula, mpaka yadi ya arobaini. Hapo unakatwa na mwingine. Kisha matawi – kushoto, kulia, kushoto, kulia – yote sawa, yanaendelea chini ya jukwaa la magharibi na kutokea ng'ambo, kwenye maegesho.

Wanafunzi wanapiga picha. Wanasema ni bawa la bundi.

Gus alikuwa katikati ya uwanja, kofia mkononi. Nikamfuata na viatu vyangu vya ofisini. Hakugeuka.

"Hiyo ndiyo ramani ya mgodi," akasema. "Ile ambayo hawakuiandika."

Nimepiga simu ofisi ya migodi ya jimbo. Dada wa huko kanisikiliza vizuri, kaandika kila kitu. Mkaguzi atakuja Jumatatu. Nimemwita Carlisle dirishani. Peremende imemganda mdomoni. Nilidhani ataahirisha – nakiri, kwa dakika nzima nilidhani hivyo.

"Jumatatu, basi," akasema. "Ni siku mbili tu, Noreen."

Akawatuma vijana wafagie theluji iliyobaki, ili mistari isionekane.

Jumamosi, 23 Novemba

Saa tisa kasoro. Robo ya tatu. Naandika nimesimama kwenye dirisha la ofisi, nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi Gus alikataa kufungua lango la sehemu ya tisa. Carlisle akamnyang'anya funguo, akampa askari wa mlangoni. Gus kaenda mwenyewe kituo cha zimamoto kuwaleta kwa nguvu. Hajarudi.

Kabla ya mechi nilipanda sehemu ya tisa na tiketi za jukwaa kuu, viti vya wageni wa heshima, vyenye paa. Nikawaambia: badilisheni, bure! Wakacheka. "Huko baridi, mama! Hapa tunaoka!" Yule msichana wa mtoto mchanga alikuwepo. Alinishukuru, akasema mtoto ameshalala.

Mmoja tu alinisikiliza. Mzee Sobota, ana miaka themanini na sita. Mjukuu wake alimnunulia Kiti cha Joto kama zawadi. Akavua glavu, akaweka kiganja sarujini. Kisha akainama taratibu, akaweka sikio. Vijana nyuma yake wakamlilia huuu! huuu! Hakuwajali.

"Baba yako nani?"

"Joe Vrabel."

"Nilifanya kazi naye. Mgodi wa Tatu." Kiganja chake bado kilikuwa chini. "Inapumua," akasema. "Inapumua kwa haraka."

Nikamwambia napiga kengele ya moto. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Usithubutu, binti. Makaa yameungua, chini kumebaki pango; wakikimbia, miguu yao ndiyo itakayobomoa dari lake. Watoe wakitembea. Watoe wakiwa na furaha."

Wakiwa na furaha! Nimeshinda na hilo neno mchana wote. Na robo ya nne ikianza, ni desturi, muziki hupigwa na uwanja mzima husimama na kuruka. Elfu tisa. Dakika nne nzima.

21 kwa 20, tunaongoza. Imebaki dakika sita robo ya tatu iishe.

Nimepata.

Mimi ndiye ninayempelekea mtangazaji vikaratasi – gari limezuia lango, mtoto kapotea. Hasomi mara mbili. Nimeandika: Hongera, mashabiki wa sehemu ya tisa! Kila mmoja wenu ameshinda jezi iliyotiwa saini na Tavares. Tafadhali tembeeni taratibu hadi lango la kaskazini, nje ya uwanja. Anayekimbia hapati.

Hakuna jezi. Kazi yangu imekwisha. Na iishe.

Nimempelekea. Nimerudi dirishani.

Anasoma.

Wanasimama! Wanakumbatiana. Wanashuka – wanatembea, Mungu wangu, wanatembea, wanashikana mabega wasije wakakimbia. Yule msichana na mtoto wake wako katikati. Safu ya nne imebaki tupu. Ya tano. Ya nane. Mvuke unatoka pale walipokuwa wameketi. Carlisle ananipigia simu, naiacha ilie.

Kipyenga. Robo ya tatu imekwisha. Wa mwisho wamepita langoni.

Mzee Sobota hakutoka. Yuko peke yake kwenye ngazi, fimbo ameishika kwa mikono miwili, ameikingamisha. Sikuelewa anamzuia nani.

Sasa naelewa. Wa sehemu ya nane wameona viti vitupu. Na wa kumi. Wanaruka uzio mdogo, familia nzima nzima, wanaitana, njooni, huku kuna joto! Wanawahi nafasi kabla muziki haujaanza.