Bureti ya Chaki

Dada,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila paa la maabara bado linavuja, na mwalimu wa hesabu naye amehama. Binti yako amerefuka; ile sketi uliyomtumia sasa inaishia magotini.

Uliniuliza kuhusu mtihani wa kemia kwa vitendo. Unajua shule yetu haina vifaa. Miaka yote nimefundisha bureti, ule mrija wa kioo wenye vistari vya kupimia kimiminika, kwa kuichora ubaoni, nao wanaichora madaftarini. Safari hii wilaya ikatuazima bureti za kweli, zikafika asubuhi ya mtihani wenyewe. Sikuruhusiwa kuingia, nikachungulia dirishani. Darasa zima lilikuwa limeinama, linachora. Hakuna aliyegusa hata bureti moja.

Binti yako alitoka mbio, uso umemchangamka. "Mjomba, yangu imependeza kuliko zote! Hata vile vistari vya pembeni sikusahau."

Nikamwambia hongera.

Yule mdogo wake usimlete huku, nakuomba. Huyu mkubwa kila jioni ananiuliza chuo cha udaktari kiko wapi. Mjibu wewe, dada.

Mdogo wako,
Mwalimu