Mapipa Nyuma ya Banda la Pampu

4 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila situlii. Tangu asubuhi nimekaa na kuinuka mpaka wenzangu ofisini wananiuliza kama kiti kina misumari.

Ile kazi niliyokuambia imeanza. Wanataka kung'oa vyuma vilivyobaki kwenye reli ya zamani, waifanye njia ya watu wa miguu na baiskeli. Kabla hawajagusa kitu, sisi tupime udongo, maji, miti na ndege, tuseme kipi kitaharibika na kipi kinaweza kuwadhuru watu. Leo tumegawana vipande. Changu kinaanzia stesheni hadi darajani. Yaani nyuma ya nyumba yako. Mkuu wangu hajui kuwa nimekulia hapo, nami sikufungua mdomo. Angeninyang'anya.

Ulikuwa mnyapara wa genge la reli hapo miaka ishirini na sita. Niandikie unachokumbuka: maji yalisimama wapi, mafuta mliweka wapi, nini kilimwagwa wapi. Mafaili yote yamepotea. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu husikii, na kukubali kuwa husikii hutaki.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanisema kila nikiinuka, lakini tunaelewana. Na masikio yangu hayana tatizo lolote, nyie watu wa siku hizi mnanong'ona.

Nimecheka. Treni waliiondoa kwa kukosa abiria, sasa wanataka abiria watembee wenyewe! Haya. Andika: kalavati la pili kutoka stesheni huziba kila mvua, na hapo vyura ni wengi kuliko watu. Kwenye kile kibanda cha ishara kuna bundi, msiwasumbue. Karakana ndiyo chafu, mafuta yameingia ardhini mpaka nyasi zimekata tamaa. Kwingine kote ni safi. Bustani ya marehemu mama yako, pale nyuma ya banda la pampu, bado inastawi. Jirani yangu wa mbele, mjane wa Nyundo, yule mwenzangu wa genge, hupata fungu lake la mboga kila Ijumaa.

Mkija kupima, mje na viatu vya maana.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Naomba uisome hii ukiwa umekaa.

Siku zile mbili tulizokuja ulitufuata kila hatua, ukitutania, ukimfundisha mpimaji wangu namna ya kushika koleo. Tulipofika nyuma ya banda la pampu ukasema unakwenda kutazama birika jikoni. Hukurudi. Nilijisemea umechoka.

Majibu ya maabara yametoka. Karakana ni mafuta, kama ulivyosema. Lakini bustanini kuna sumu ya dawa za zamani za kuua magugu, mara nane ya kiwango kinachoruhusiwa, na kadiri tulivyochimba chini ndivyo ilivyozidi. Hiyo si dawa ya kunyunyiza tu juu ya kokoto za reli. Kuna kitu chini.

Usile tena mboga za pale. Usimpe mtu. Na uniambie, Baba, ni nini kile?

Mwanao

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu. Shangazi anasema umeng'oa bustani yote kwa mikono, na kutwa nzima unatembea juu ya reli, stesheni, darajani, stesheni, darajani, kama umepoteza funguo. Akikuita hugeuki.

Ripoti yangu inangoja ukurasa mmoja. Niandikie hata matusi.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima.

Mwaka ule reli ilipofungwa, amri ilikuja kwamba ghala liwe tupu ndani ya siku mbili. Kulikuwa na mapipa kumi na mawili ya dawa ya magugu. Lori la kuyachukua halikuja. Mkuu wa ghala akaniambia, "Mnyapara, kesho sitaki kuyaona." Sikuuliza swali la pili. Tulichimba mimi na Nyundo, basi. Tukafukia, tukasawazisha. Nikamwambia Nyundo, "Hili tunakufa nalo." Naye akafa nalo, kifua kikimkohoza mpaka siku ya mwisho.

Mwaka uliofuata mama yako akasema pale ni tambarare, panafaa bustani. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Ningemwambia nini, kwamba mumewe amefukia sumu kama paka? Nilijidanganya kuwa tulichimba chini sana. Alipougua, daktari alisema ni ini. Hakuna aliyeuliza alikuwa anakula nini. Sijui kama ni ile dawa, mwanangu. Sijui, na nikikaa chini nalifikiria hilo, kwa hiyo sikai.

Nakuomba kitu kimoja. Andika kwamba ni mafuta ya karakana yaliyosambaa. Watasafisha tu vilevile. Mjane wa Nyundo anafungua dirisha lake kila asubuhi, na mimi ndiye mtu wa kwanza anayemwona. Nitamtazamaje?

Baba yako

10 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimeisoma mara nne, nimesimama. Nimekukasirikia.

Nikiandika mafuta, watakwangua udongo wa juu, watamwaga kokoto, na watu watapita na watoto wao juu ya mapipa yanayooza. Kalavati liko hatua thelathini kutoka pale, na mvua itaibeba sumu mpaka majini. Siandiki hivyo.

Jana nimemwambia mkuu wangu kuwa wewe ni baba yangu. Nimeondolewa kazi hii na kupewa barua ya onyo kwa kuficha. Nilistahili. Kumbe kunyamaza nimekurithi.

Barua yako sijamwonyesha mtu. Mwenzangu aliyeichukua kazi ni mama mmoja makini, wewe humjui. Nimemwambia asimamishe kila kitu pale kwa kuwa chini kuna jambo, na mwenye kulijua yuko hai. Sikukutaja. Mkutano wa wananchi ni tarehe 24, ukumbi wa shule. Useme wewe. Usiposema, nitasema mimi.

Mwanao

27 Aprili

Mwanangu,

Nimesema.

Ukumbi ulijaa. Walibandika ramani, watu wakafurahi, wanauliza mabenchi yatakuwa mangapi na baiskeli zitapita upande gani. Niliinua mkono nikaushusha, mara mbili. Yule mama wa ofisini kwenu akasema, "Mzee wa kofia, wewe." Nikasimama nikasema mapipa kumi na mawili, na nani aliyazika. Kiti kikalia kule nyuma, hata mimi nilikisikia.

Mjane wa Nyundo akauliza kutoka nyuma, "Mume wangu alijua?"

"Alijua. Mimi ndiye niliyemkataza kusema."

Akachukua mkoba wake akatoka. Mwenye duka la baiskeli akanifokea kwamba nimewacheleweshea njia mwaka mzima.

Kesho yake walikuja na mashine, wamevaa kama wafuga nyuki. Wakatoa kumi na moja. La kumi na mbili halikuonekana. Niliwaonyesha pale, nikawaonyesha kule, kichwa kimenikimbia. Wakaanza kunitazama kama mzee anayebuni.

Leo asubuhi mjane alikuja pale wanapochimba na kiti. Nilidhani ameniletea. Akakiweka chini ya mti, akakaa mwenyewe. Akasema, bila kunitazama, "Alipokuwa mgonjwa alirudia neno moja: lile la kalavatini lilipasuka. Nilidhani anaweweseka."

Hapo hapo nikakumbuka. Lilituponyoka, mwanangu, kabla hata hatujafika shimoni. Tulilifukia lilipoangukia.

Wakachimba. Lilikuwepo. Lilikuwa tupu.

Yule mama wa ofisini kwenu ametupangia vipimo vya damu hospitali kubwa, Jumanne ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi. Mimi na mjane. Amekubali kwenda, ila amesema nikae mbele na dereva, yeye atakaa nyuma. Kisha akaniuliza, "Na binti yako? Si alikula mboga hizo hizo?"

Miezi yote hii tunaandikiana, na sijakuuliza vizuri. U mzima, mwanangu? Ngozi yako, tumbo lako, usingizi unaupata? Usinijibu kwa karatasi. Njoo Jumanne, ukae nyuma naye.

Baba yako