Niliogopa Dawa ya Fedha Isimgeuze Mke Wangu Rangi

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada na nakuomba usinicheke. Mimi ni sonara, natengeneza pete na bangili za fedha, na mke wangu ni fundi cherehani. Siku kumi zilizopita chai ya moto ilimmwagikia mkono wa kulia, ikambabua kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, nesi wa zahanati akampa kopo la krimu nyeupe, nami nilipolisoma kopo, kumbe krimu ina fedha ndani! Moyo ukanilipuka, kwa sababu fundi aliyenifundisha kazi alivuta vumbi la fedha miaka thelathini mpaka uso na fizi vikawa vya kijivu. Nikapaka krimu kidogo kwenye kitambaa, nikakianika juani, kikawa cheusi. Nikajiuliza, je, hii inaingia kwenye damu? Ikiingia inaishia wapi? Basi siku ya pili nikaimwaga kimyakimya, nikajaza kopo mafuta ya mgando niliyoyachanganya na poda ya mtoto yawe meupe, na kila asubuhi namfunga bandeji mwenyewe, naye ananiambia, "Baba watoto, una mkono mwepesi." Sasa kidonda kinanuka, mkono umevimba, homa imempanda, na anaapa atamwendea nesi amgombeze kwa kumpa dawa mbovu. Nifanyeje?

Ndugu sonara, sikucheki. Barua yako nimeirukisha foleni, na swali lako lilinitekenya hata nikampigia daktari wa majeraha ya moto. Anasema ndiyo, fedha kidogo hupenya mwilini, zaidi kidonda kikiwa kikubwa na dawa ikipakwa muda mrefu. Ndiyo maana wenye majeraha makubwa au figo dhaifu hufuatiliwa kwa karibu, na wajawazito na wenye mzio wa dawa za salfa, ambayo nayo imo kwenye krimu hiyo, huulizwa kwanza. Kwa jeraha kama la mkeo, kinachopenya ni kidogo na mwili hukitoa taratibu. Krimu kuwa nyeusi juani ni kazi ya mwanga tu. Fundi wako alivuta vumbi miaka thelathini, bwana. Mkeo alipakwa siku moja!

Lakini poda? Kwenye kidonda kibichi? Mtu mzima wewe! Ulikuwa na swali la maana, ukaenda kukiuliza kitambaa ukamwacha nesi.

Usimpake kitu tena. Homa na harufu ni mambo ya hospitali, leo hii. Mwambie ukweli kabla hamjatoka. Atafoka, na ana haki, maana huo ndio mkono anaoshikia mkasi. Beba kopo, useme ulichoweka ndani ili wajue wanasafisha nini. Na mkifika, fungua mdomo wewe kwanza, kabla mkeo hajamtukana nesi asiye na kosa. Zima redio, mtoke sasa hivi.