Kizibao cha Kupigia Ngoma

Ihumwa, Dodoma
10 Agosti 1913

Mpendwa Dada Anyesi,

Shikamoo dada yangu. Habari za Tabora, za shemeji na za watoto? Ule uvimbe wa mguu umepungua, au bado unachechemea na kuwaambia watu kwamba hujambo? Barua yako ya Juni ilifika kwa gari la moshi. Niliisoma mwenyewe kwanza, kisha nikamsomea mama, akataka niirudie pale ulipomtaja. Huku hatujambo. Uwele tumevuna wa kutosha, ng'ombe wana afya, na mume wangu Seth amepona kikohozi ila kujisifu hajapona.

Umeniuliza kama bado napiga ngoma ya mama. Napiga! Lakini mwaka huu nusura ninyang'anywe, na sababu yake ni haya matiti makubwa tuliyorithi kwake, mimi na wewe.

Muheme wetu unaujua. Ngoma unaibana mapajani, unapiga huku unaruka, na mwenye ngoma kubwa ndiye anayeruka kuliko wote. Tangu nilipomzaa mtoto wa tatu, kila nikiruka matiti yalipanda, na nikitua yalikuwa bado yako njiani. Baada ya ngoma mabega yaliniuma siku tatu, na chini ya matiti jasho lilinichubua mpaka ngozi ikawaka. Nilijaribu kujifunga kaniki kwa nguvu zangu zote. Wimbo wa pili tu, kaniki iko kiunoni.

Basi mwezi wa Mei tulialikwa Makole kuwatoa wali waliokuwa wakifundwa, na mimi nikajiona mwerevu. Seth alikuwa amechinja ndama. Nikachukua ngozi mbichi, nikakata mkanda mpana, nikamwambia Emilia anifunge kwa nyuma. Emilia ni yule mke wa jirani anayepiga ngoma ya pili. Ngozi ilikuwa laini, imenishika vizuri kabisa, nikatamba. Dada, ungeniona! Niliruka hata wazee wakasimama.

Sasa jua la Makole unalijua, na ule moto wa kuzikaushia ngoma ulikuwa karibu na mgongo wangu. Wimbo wa tatu nikaona pumzi fupi. Wa nne nikaona nyota mchana. Mimi, ninayezipeleka ngoma motoni kila siku ili ngozi zikaze, nilikuwa nimejivika ngozi mbichi na kwenda kusimama motoni! Nilianguka juu ya ngoma yangu. Seth akaja mbio na kisu cha kuchunia, akanikata mkanda mbele ya mkutano wote, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Na mimi nilipopata pumzi nilicheka, ingawa moyoni nilikuwa nalia.

Emilia aliishika ngoma kubwa siku ile, akamaliza yeye. Sitasema uongo, alipiga vizuri. Jioni akaniambia mbele ya wanawake wenzetu, "Dada Ruthu, umri umeshakwenda na kifua ni kizito. Kaa utupigie vigelegele, ngoma niachie mimi." Wakubwa wakakubaliana kwamba nijaribu mara moja tena, Julai, tukiwatoa wali wa hapa Ihumwa. Nikishindwa, ngoma ni ya Emilia. Niliumia sana. Sikuwa nimechoka ngoma, dada. Nilikuwa nimechoka maumivu tu.

Wiki mbili baadaye Khamisi, yule mfanyabiashara wa Kondoa, alipita na punda wake wa tumbaku, na mkewe Mwanahawa akabaki kwangu kupumzika. Tulikaa tukitazama mizigo inavyoshushwa. Punda mmoja alifungwa kwa kamba nyembamba, ana vidonda mabegani. Mwingine, mwenye mzigo ule ule, alifungwa kwa mikanda mipana inayopishana, na hana hata mkwaruzo. Nikamgeukia, nikamwambia, "Mwanahawa, nishonee matandiko kama ya huyu punda."

Alicheka mpaka akalala chini. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Geuka nikupime," maana yule mwanamke akishika sindano hana mchezo.

Tulitumia kitambaa cha marekani cha kukunja mara mbili, na tulikifua kwanza na kukianika, kwani vitu vinavyokaza baadaye nimeshakoma navyo. Kila titi lina mfuko wake. Hapa ndipo tulipokosea miaka yote: tunayabana pamoja na kuyalaza kama mtumba, nayo yanatoroka. Mikanda ya mabegani ni mipana kama vidole vinne, inapishana mgongoni. Chini ya matiti kuna ukanda mpana wa kuzunguka mbavu, huo ndio unaobeba, wala si mabega. Mbele kuna vifungo sita.

Kizibao cha kwanza kilinikata makwapani, tukakifumua. Cha pili nilikivaa asubuhi, nikakimbia kuzunguka zizi mara tatu. Seth akatoka na fimbo akidhani ng'ombe wamefunguliwa. Nikamwambia, "Hapana, ni mimi nimefunguliwa." Akarudi ndani bila kuuliza.

Julai ikafika. Walikuja watu hata wa Bahi. Nilikivaa kizibao changu ndani ya kaniki, nikabana ngoma, nikaanza polepole, kwa hofu kidogo, nikingojea maumivu. Hayakuja. Wimbo wa nne, hayakuja. Wa saba nikasahau kabisa kwamba nina kifua. Nilipiga hadi wali wote wakapita, na Emilia akachoka kabla yangu, akakaa, akapiga vigelegele yeye. Kesho yake alikuja kwangu akijifanya kuomba chumvi. Nikampa chumvi, nikamwonyesha na kizibao, maana naye kifua chake si kidogo.

Sasa sikia jambo lililonifanya niandike haraka hivi. Siku ile baada ya ngoma mama alinifuata ndani nikibadili nguo. Akakishika kizibao, akapitisha vidole kwenye mikanda. Kisha akasema, "Ngoma niliiacha nikiwa na umri kama wako. Niliwaambia watu ni magoti. Magoti yangu hayajapata kuuma hata siku moja."

Dada, miaka yote ile tulimkanda magoti kwa samli! Kila jioni, mimi goti hili na wewe lile, na yeye katulia, akijua hasa anaumia wapi. Nililia, sikuficha. Alikuwa anaona haya kutaja kifua chake hata mbele ya binti zake.

Kwa hiyo wewe usinionee haya. Ndani ya bahasha kuna uzi. Jipime chini ya matiti ufunge fundo moja, kisha juu yake palipo panene kabisa ufunge fundo la pili, unirudishie kwa posta. Vuta pumzi kubwa unapojipima, usijibane kwa kujipendekeza. Chako utakivaa ukitwanga, ukilima, na ukipenda, ukikimbia.

Nisalimie shemeji, na Priska, na Bartolomayo mdogo. Seth anakusalimu. Mwanahawa anakusalimu ingawa hamjuani, anasema anayajua mabega yako. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na mvua isiwapite.

Mama naye anakusalimu. Nilitaka nimwite aniambie maneno yake mwenyewe niyaandike hapa, lakini hasikii. Yuko uani tangu asubuhi, amevaa kizibao chake tulichomshonea, ngoma iko mapajani, na anaruka.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Ruthu