Chupa Sita na Kibuyu Kimoja

Milimani, Nakuru
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Habari za Mogotio? Natumaini kifua kimetulia kidogo. Mimi ni mzima, ila miguu inauma kwa kusimama. Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, halafu unanilaumu kwamba nanong'ona. Wanyonyi wa lori la maziwa atakukabidhi hii mkononi.

Nina habari. Hapa hotelini watu huja kula nyama na kunywa wiski. Wiski ziko aina sitini, waini ni sita tu. Juzi nilikataa kumpelekea mteja glasi ya waini iliyonuka siki. Bosi wangu Jamleck akacheka, akauliza pua hiyo nimeitoa wapi. Nikamwambia kwa mama yangu, aliyenifundisha kunusa kibuyu kabla ya kutia maziwa. Sasa anataka nizipime zote sita mwisho wa mwezi. Akiridhika, nitasimamia waini na kupewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hoteli.

Utahamia huku, Mama. Kliniki ya kifua iko karibu na tutapikia gesi. Daktari alisema moshi utakumaliza, na mimi sina amani tangu siku ile.

Binti yako,
Jelagat

Mogotio
14 Februari 2025

Mwanangu Jelagat,

Salamu nyingi. Sisi tuko, Mungu ni mwema. Kifua ni kilekile. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Mchungaji wa kanisa akiniuliza kazi yako namwambia unauza nyama, na hiyo si uongo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilianza hata kufunga sufuria, kisha nikajicheka, mzee mzima.

Ukipima, usiangalie uso wa mwenye chupa. Kilichoharibika sema kimeharibika. Unakumbuka nilivyomwaga kibuyu kizima mbele ya wakwe wa dada yako? Niliona aibu sana, lakini hakuna aliyeumwa tumbo.

Wanyonyi anakuletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni. Nionjee, uniandikie kama yamekaa vizuri. Usisahau hilo.

Mamako

Milimani, Nakuru
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu. Hujambo? Kikohozi je? Mimi nipo tu.

Nilipima juzi. Mama, hawa watu wanaifanya waini kama wiski. Wanafungua chupa, wanamimina glasi moja, wanairudisha rafuni juu ya jiko la kuchomea nyama, inakaa wiki tatu kwenye joto. Wiski haijali, lakini waini hufa. Kati ya sita, nne zilikuwa siki. Nilimwambia Jamleck hivyohivyo mbele ya wageni wake. Akasema, "Madam, watu wa Nairobi wamekunywa hii na hakuna mtu amelalamika. Wewe wa kunusa maziwa ndio utanifunza?"

Kazi amepewa Kiplimo, aliyezisifu zote. Nyumba pia. Mimi nimerudishwa kuosha glasi. Samahani, Mama. Nimetafuta chumba kingine karibu na kliniki na sijapata ninachoweza kulipia.

Mursik yalikuwa matamu kama zamani. Nimeyanywa yote.

Binti yako,
Jelagat

Mogotio
30 Machi 2025

Mwanangu,

Pokea salamu. Nimekawia kujibu.

Usiombe samahani kwa ajili ya nyumba. Mimi ndiye niliyekutuma useme kweli, na ningekutuma tena, ingawa naitamani ile gesi.

Lakini maziwa. Siku ile nilijaza vibuyu viwili. Kimoja nilikutumia, cha pili nilimpa jirani yetu Zeddy. Alionja akatema, akaenda kusuuza mdomo bombani. Mimi tangu Krismasi sisikii harufu, Jelagat. Mkaa, maziwa, mavi ya ng'ombe, yote kwangu ni hewa tu. Nilijiambia labda ni Zeddy, labda ni kibuyu chake. Nikangoja barua yako, kwa sababu wewe ndiye pua niliyoilea mwenyewe.

Jamleck ulimwambia kweli na ukapoteza kila kitu. Mimi umenificha, ukaniandikia kwamba ni matamu. Basi nimejua nimefika wapi. Sikulaumu, ila nimelia.

Harusi ya kwa Kimaiyo, walikoniomba niwatilie maziwa, nimewaambia watafute mama mwingine. Kikohozi sasa kina damu kidogo asubuhi. Nakuambia mwenyewe, maana nimeona tumeanza kufichana.

Kibuyu baki nacho, usimpe Wanyonyi akirudishe. Huku hakuna tena wa kukitia kitu.

Mamako