Tembo wa Kioo na Koti Lako

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Meza ya dirishani usiiguse hata kwa kidole kimoja, maana alama ya kidole kwenye kioo hutoka pichani kama tope.

Najua asubuhi ulikasirika. Ulikuta koti lako jeusi limetandikwa mezani, wanyama wangu wa kioo wa kuuza wakiwa juu yake, ukalivuta bila kuangalia. Tembo akaanguka, mkonga ukavunjika. Badala ya kunipa pole ukasema, "Nani atanunua vigae mtandaoni?" Ukatoka umenuna, koti ukaliacha.

Hapo uliniumiza, mume wangu. Wiki nzima nimewapiga picha juu ya shuka jeupe, wakatoka kama mvuke. Juu ya koti lako ndipo kila ukingo ulionekana, mpaka sharubu za paka.

Basi nilimpiga picha tembo hivyo hivyo, palipovunjika pakiwa mbele, nikaandika: "Hana mkonga. Mume wangu alikuwa na haraka." Haikufika saa nne, mama mmoja akamnunua. Anasema kwake pia yuko mume wa namna hiyo.

Nimetoka kumpelekea, kisha napita dukani kununua kitambaa cheusi changu mwenyewe. Koti nimelipiga pasi, linaning'inia mlangoni.

Jioni nataka maneno mawili tu kutoka kwako: samahani na hongera. ~~Anza na samahani.~~ Anza na hongera.

Mama Watoto