Mafunzo ya Kujihami Kakesio

Dada Hyasinta,

Huku mvua imeanza, na mahindi ya shule yameota. Hili mama usimweleze: mwezi jana mwizi alivunja mlango wangu. Sikuumia. Shule imeniwekea komeo jipya, na jana askari alikuja kutufundisha walimu kujihami. Alimwambia mwalimu Christina anikamate mkono, nami nijinasue.

"Vuta, mwalimu!" askari akapaza sauti.

Sikuvuta. Nilisimama nikalia mbele ya wenzangu. Walidhani nimemkumbuka mwizi. Wewe nakwambia ukweli: tangu tumzike mume wangu, watu hunipa mkono wa salamu, kisha huenda zao. Christina hakuniachia mpaka kengele ilipolia.

Wasalimie wote Karatu.

Mdogo wako,
Selina